Mfuniko Usiovuja

Mtaani walimwita Msasa, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Ukimpelekea kazi ya kitanda, atakipiga msasa mpaka wewe mwenyewe uchoke kungoja. Ukienda kuulizia, unamkuta amekiinamia, amefumba macho, anakipapasa kwa kiganja akitafuta kovu ambalo wewe na macho yako mawili hulioni. Watu wa haraka walihamia kwa mafundi wengine. Waliobaki kwake ni wale waliojua tofauti, na hao, tusidanganyane, ni wachache kila mahali.

Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi bati. Baba yake aligonga bati tangu ujana: ndoo, makarai, taa, mapipa ya maji, michirizi ya paa. Mzee yule alikuwa na jambo moja tu la kujivunia hapa duniani, na alilisema mpaka likachosha masikio ya watu: chombo chake hakivuji. Kila alichomaliza alikijaza maji, akakifunika, akakipindua juu ya gazeti kavu, kisha akaenda zake kunywa chai. Akirudi akakuta gazeti limeloa hata kwa ukubwa wa ukucha, alikibomoa chote akaanza upya, huku akijitukana mwenyewe. Maneno matamu hakuwa nayo. Akitaka kumsifu mtu alisema "hakivuji", hata kama kinachosifiwa ni kiti.

Mama yao alikuwa amefariki zamani. Msasa aliolewa, akaachika, akarudi nyumbani na sanduku lake la randa na patasi, akapewa chumba cha nyuma na banda la pembeni. Hakuna aliyemuuliza kilichotokea huko, na yeye hakusema. Upande wa pili wa ua aliishi mdogo wake na mkewe. Huyu mdogo wake, kitinda mimba, alikuwa fundi pikipiki, mcheshi, mtu wa kuanza mambo kumi na kumaliza moja. Ndiye aliyeuleta ule wazimu nyumbani.

Nje ya mji kulikuwa na uwanja wa majani, mali ya mzee mmoja aliyewahi kurusha ndege za abiria kabla ya kustaafu, watu wakimwita Kapteni. Pale walikusanyika watu wasio na akili timamu, ndivyo fundi bati alivyowaita, wanaojiundia ndege ndogo kwa mikono yao, kwa mabomba na turubai na injini za magari makuukuu. Mdogo mtu alikwenda pale siku moja kutengeneza pikipiki ya Kapteni. Alirudi macho yanang'aa, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Rubani, kwa kumcheka.

"Dada," alimwambia Msasa, "nichongee feni."

"Ya sebuleni?"

"Ya ndege."

Msasa alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akauliza ina urefu gani. Hapo ndipo mwenzangu ujue naye alikuwa amekwisha kunasa.

Alichonga propela tatu. Wasiojua hudhani propela ni ubao uliopinda, basi. Kumbe ni kama skrubu inayojipenyeza hewani, na swali lote ni ing'ate hewa kiasi gani kila inapozunguka. Ya kwanza aliichonga kama Rubani alivyotaka, maana Rubani alitaka mbio. Mapanga yake mawili yakalazwa ya kung'ata sana, na injini ikawa inaguna kama mtu aliyebebeshwa kabati ngazini, haizunguki hata nusu ya nguvu yake. Ndege ingeishia kwenye ua wa uwanja. Ya pili ikang'ata kidogo mno, injini ikapiga kelele za kujiua na chombo hakisongi. Rubani akaanza kukata tamaa, Msasa akamwambia atoke bandani amwachie hewa.

Ya tatu aliijenga kwa mbao nyembamba saba zilizogundishwa, akazichagua moja moja kwa kuzigonga na kidole akisikiliza. Alipomaliza alifunga madirisha yote ya banda ili pasipite upepo, akaitundika propela katikati kwenye msumari uliolainishwa, kati ya viti viwili. Panga la kulia lilizama polepole. Akapaka la kushoto vanishi, mpigo mmoja wa brashi. Likasita, likalala sawa. Alikaa akiitazama kwa muda mrefu. Katika maisha yake yote kitu hicho ndicho kilichomtoka mkononi kikiwa kamili, na alikijua hivyo bila ya kuambiwa na mtu.

Tangi lilikuwa la baba. Mwanzo mzee aligoma kabisa, akasema hatamshonea mwanawe sanda ya bati. Lakini Rubani alimjua baba yake. Akasema, "Basi Baba, nitampa yule fundi wa sokoni." Keshoye mzee alikuwa uani na mkasi wa bati, ananuna, anakata.

Likatoka tangi la kupendeza. Lilikaa juu ya miguu ya rubani, mbele yake, juu zaidi ya injini, ili petroli ishuke yenyewe bila pampu. Chini yake koki, kisha chujio, kisha mpira mpaka kwenye kabureta. Mfuniko Rubani aliuchomoa kwenye pikipiki moja mbovu. Wakalijaribu kama watu wa uwanjani wanavyofanya: wakaiinua pua ya ndege juu ya matofali kana kwamba inapanda, wakauchomoa mpira kwenye kabureta, wakauelekeza kwenye ndoo. Msasa alishika ndoo. Rubani alikuwa bado anamimina petroli kwa faneli, mdomo wa tangi uko wazi, na ndoo ikajaa kwa kasi iliyowafurahisha wote. Kapteni akatikisa kichwa, akasema mafuta hayo yanatosha injini mbili.

Baada ya hapo injini waliiwasha uwanjani mara nyingi, kila mara kwa petroli kidogo tu chini ya tangi, kwa sababu hakuna aliyetaka kuipoteza kwa kelele. Iliunguruma vizuri. Tatizo lilijitokeza walipolijaza tangi mpaka shingoni kwa ajili ya siku yenyewe. Mfuniko wa pikipiki ukatokwa jasho. Petroli ikachirizika, ikadondoka juu ya magoti ya Rubani, harufu ikampanda kichwani.

"Baba, nifungie hili vizuri," akasema. "Nitalewa kabla sijaruka."

Mzee aliutazama ule mfuniko kwa dharau, akautupa kwenye taka za bati. Akatengeneza wake, wa kuzungusha, na mpira mnene ndani yake. Akalipindua tangi juu ya gazeti. Akaenda kunywa chai, akarudi, akaliinua gazeti juu watu waone. Kavu.

Siku ya kuruka, wale watu wa uwanjani walikuwa na mila yao, ambayo nadhani waliianzisha kwa mzaha ikageuka kuwa jambo zito. Kila aliyetengeneza kitu katika ndege hukiwekea kiganja na kusema mbele ya wote, "Hiki changu." Maana yake ni kwamba kikiharibika asitafutwe mtu mwingine. Msasa aliweka kiganja juu ya propela. Mzee akaweka chake juu ya tangi, kwenye mfuniko hasa. Rubani akagusa kila kilichobaki, anakimbia huku na huku kama mtoto, watu wakacheka, na wifi, yaani mke wa Rubani, akacheka pia na mtoto wake mgongoni.

Ndege ikaondoka. Iliinuka kwa urahisi hata Msasa akajikuta ameshika mdomo. Ikafika mwisho wa uwanja, ndogo, ikaanza kugeuka. Ilikuwa mbali, kwa hiyo hakuna aliyesikia vizuri, na baadaye kila mtu alisikia la kwake. Bawa moja likainama. Ndege ikaanguka pua mbele katika shamba la jirani, na vumbi likainuka.

Walipofika Rubani alikuwa amekwisha kufa. Sitaki kueleza zaidi. Kapteni alinyoosha mkono akafunga koki ya mafuta, kwa kuogopa moto. Wanaume wakambeba. Mzee akawafuata nyuma, kofia mkononi, anasema peke yake maneno yasiyosikika.

Msasa alibaki. Alikuwa anaitazama propela yake. Panga moja lilikuwa zima, limesimama juu kama mkono wa mtu anayeomba ruhusa. Jingine halikuwapo. Akapiga magoti, akachimbua kwa vidole chini ya injini, na kipande kilikuwa hapo hapo, kimekandamizwa kwenye udongo. Akakifuta, akakifunga kwenye kanga. Hakuwa na mpango wowote. Hakutaka tu kazi yake ibaki matopeni. Lakini mikono yake ilikwisha kuelewa kabla ya kichwa. Propela inayozunguka kwa nguvu ikigonga ardhi, yanasagika mapanga yote mawili. Hili limevunjwa na ardhi, na lingine halikuguswa. Propela ilikuwa imesimama. Injini ilikuwa imezimika huko juu.

Mabaki waliyaleta nyumbani kwa lori, kwa kuwa uwanjani hakuna aliyetaka kuyaona. Yakawekwa uani, yakafunikwa turubai. Na maneno hayakungoja hata matanga yaishe. Kuna aliyesikia mbao ikilia kaa! angani. Kuna aliyeona kitu kikiruka. Ndege gani inawekwa feni ya mbao, tena iliyochongwa na mwanamke wa vitanda? Wifi aliyasikia yote hayo. Siku moja alisimama mlangoni mwa banda, macho mekundu, amekonda.

"Wifi, niambie ukweli. Ni mti wako?"

"Si propela, wifi yangu. Nakuapia."

"Basi ni nini?"

Wifi akageuka, akaondoka. Kapteni alikuwa ametoa ahadi ya kuja kuyakagua mabaki, kwa sababu wenzake uwanjani walitaka kujua kabla hawajaruka tena. Msasa akasema moyoni: nitakitoa kile kipande mbele yao wote, niwaambie kilikuwa wapi. Panga lililokatika angani lingeokotwa mbali, si chini ya pua. Hata mtoto angeelewa. Jina lake lingesafishika, na alilitaka hilo sana, nisimfanye malaika.

Lakini lile "basi ni nini" halikumpa raha. Mchana wa kuamkia ujio wa Kapteni akalifunua turubai. Akafungua chujio: safi. Akapuliza mpira: unapita. Akafungua kikombe cha kabureta: kikavu, hakina hata unyevu. Tangi halikupasuka popote, na alipolitikisa alisikia petroli imejaa karibu yote. Ila mbavu za tangi zilikuwa zimebonyea ndani kidogo, kama mashavu ya mtu anayevuta mrija. Akashika mfuniko wa baba yake, akauzungusha.

Tangi likavuta pumzi. Fyuuu, ndefu, kisha bati likajirudisha, pu.

Akakaa chini pale pale kwenye udongo. Mtu yeyote aliyewahi kufungua kopo la mafuta ya kula anajua utatoboa matundu mawili, moja la mafuta kutoka na moja la hewa kuingia. Baba yake alijua hilo kuliko mtu yeyote. Alitengeneza makopo maisha yake yote. Msasa aliutafuta ule mfuniko wa pikipiki katika taka za bati, akaupata, akaunyonya. Ulipitisha hewa kwa siri ndani kwa ndani, kupitia njia ambayo hakuna aliyeitoboa pale nyumbani wala kuiwazia. Mzee alipouondoa alidhani anaondoa uvujaji. Na kwenye ndoo walipima mdomo ukiwa wazi, na uwanjani walipima tangi likiwa karibu tupu, lenye hewa tele ndani. Tangi lilipojaa na kufungwa barabara, petroli ilishuka kidogo, kisha ikakataa.

Alisikia hatua za baba yake, akaurudisha mfuniko wa baba mahali pake, ule wa pikipiki akauficha mfukoni. Mzee alisimama akiangalia tangi, akalipiga kofi dogo ubavuni.

"Umeona?" akasema. Sauti yake ilikuwa imeisha tangu msibani. "Kila kitu kimevunjika. Hili halikuvuja hata tone. Kila mtu angefanya kazi yake hivi, mwanangu angekuwa hapa."

Msasa alimtazama. Uso wa mzee ulikuwa umebomoka, lakini pale mkono ulipogusa bati kulikuwa bado na kitu kimoja kimesimama, na aliona kwamba ni hicho tu kinachomshikilia. Ukikiondoa, mzee huyu anaanguka. Alikuwa ameshamzika mdogo wake. Hakuwa na nguvu ya kumzika baba.

Kapteni alipokuja, alizunguka mabaki, akainama, akainuka, akauliza, "Kile kipande kingine cha propela kilipatikana?"

Wifi alikuwapo. Mzee alikuwapo.

"Hakikuonekana," Msasa akasema.

"Shambani mlitafuta?"

"Tulitafuta. Labda kiliangukia mbali."

Kapteni alivuta pumzi, akavua miwani. Naye alitaka jambo liishe, watu wake warudi kuruka. "Basi ilikatika angani," akamwambia Msasa. "Pole mama. Mbao ni mbao." Msasa akajibu ndiyo. Neno lenyewe dogo, ukilitazama.

Wifi hakupiga kelele. Alimsogelea mpaka karibu, akasema taratibu, "Mikono yako ikauke. Isije ikashika kitu kikakamilika tena." Akaingia ndani na mtoto wake. Mzee akampa Msasa kisogo.

Tangu hapo maisha yalikuwa ya kuburuta. Wifi hakula chakula alichopika Msasa, wala hakuchota maji wakati Msasa yuko bombani. Mzee alikula, lakini kimya, na sahani aliisukuma badala ya kuirudisha mkononi. Wateja wakapotea. Mwenye duka jirani alitania kwamba mlango wa Msasa usifungwe kwa nguvu, utaruka, na watu wakacheka kwa sababu si wao. Alikuwa anaamka, anafungua banda, anakaa. Aliona mbao zake na hazikumwambia kitu. Kuna siku alitamani kufa, si kwa mbwembwe, bali kama mtu aliyechoka anavyotamani kulala. Alijiambia kwamba anambeba baba yake, na kwamba mzigo huo una maana. Ila kila mgeni alipokuja, mzee alimpeleka uani akamwonyesha tangi. "Hata tone," alisema. Na Msasa akiwa bandani alilisikia neno hilo likimwingia kama msumari kwenye mbao mbichi.

Alifikiri hapo ndipo mwisho wa adhabu. Kumbe uongo una miguu yake.

Mwalimu mmoja wa shule, mpole, mmoja wa wale wa uwanjani, alikuja kumwamkia mzee. Naye alikuwa anamalizia ndege yake. Propela alikwisha kuagiza ya chuma, alisema kwa sauti ya chini akitupa jicho bandani. Alichohitaji ni tangi. "Lile lako, mzee wangu, niliona kwa macho yangu. Ndege imekwisha, tangi zima. Nitengenezee kama lile. Na mfuniko kama ule ule."

Mzee alilitazama tangi. Kisha akasema, "Halitavuja." Msasa aliona mgongo wa baba yake ukinyooka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kesho yake ua ulilia tena nyundo.

Basi fikiria ulivyokuwa moyo wa Msasa. Alijaribu. Alimpelekea chai, akasema kama mtu anayesema tu, "Baba, hilo tangi la mwalimu si uliwekee kitundu juu, hewa ipite."

Mzee hakuinua uso. "Wewe?" akasema. "Wewe leo ndiye wa kunifundisha kazi?"

"Nasema tu, Baba."

"Kitundu ili livuje. Ili petroli immwagikie. Nenda kakae na mbao zako."

Akaenda akakaa na mbao zake. Angeweza kumfuata mwalimu amwambie kando. Lakini mwalimu angeuliza kwa nini, na jibu lake lingerudi uani kabla jua halijazama. Mchana mzee alipojinyoosha kitandani, Msasa alichukua keekee yenye ncha nyembamba kuliko zote. Akautoboa mfuniko mpya katikati, tundu la kupitisha uzi, akalipiga msasa likawa laini, akapulizia vumbi. Aliona kazi nzuri. Kwa ujinga uliompata kwa kuchoka, alisahau gazeti.

Mzee aliamka, akalijaza tangi maji, akalifunga, akalipindua juu ya gazeti kama alivyofanya maisha yake yote. Hakwenda hata kunywa chai. Lilikuwa limeshaloa.

"Nani ametoboa kazi yangu?"

Msasa alitoka bandani. Hapakuwa na mtu mwingine wa kusingiziwa. "Mimi."

"Umenitobolea." Alimwonyesha gazeti. "Umemaliza kwa mdogo wako, sasa umekuja kwangu. Unataka watu waseme mimi na wewe ni sawa?"

"Tangi haliwezi kutoa bila kuvuta, Baba. Lazima lipumue."

"La mdogo wako lilikuwa na tundu gani? Mbona lenyewe..."

Alibaki mdomo wazi, anamwangalia bintiye, na Msasa angetoa chochote alichonacho asikione kile kilichoanza kupita usoni mwake. Mzee alilisimamisha tangi juu ya kigoda. Akafungua koki. Maji yakatoka, mchirizi mnene, yakaanguka kwenye karai. Akaweka kidole gumba juu ya tundu. Mchirizi ukawa mwembamba, ukawa matone, ukasimama. Akaondoa kidole. Maji yakatoka. Akarudisha. Yakasimama.

"Ule wa pikipiki," akasema, "ulikuwa unavuta."

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nikautupa."

Msasa alilisogeza karai.

"Na kile kipande cha propela?"

"Ninacho. Kilikuwa chini ya injini."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. Kidole kilikuwa bado juu ya tundu.

"Mwite wifi yako."

"Baba, tuyaache. Yameshapita. Nimeshazoea."

"Mwite, nakwambia."

Wifi alikuja kwa kusita, mtoto mgongoni, akasimama mbali na Msasa kama alivyozoea. Msasa alikuwa ameleta vitu viwili: kipande cha propela alichokificha, na mfuniko wa tangi la mdogo wake. Akavikabidhi kwa baba yake. Mzee akamwonyesha wifi. Aliondoa kidole, maji yakatoka, akaweka, yakasimama. Akarudia, anamtazama mkwewe aelewe.

"Baba, sielewi," wifi akasema. "Maji yanamwagika bure."

Mzee akautoa mfuniko wenye tundu, akauchukua ule wa tangi la Rubani, usio na tundu, akauzungusha mpaka ukashika. Maji yakapungua, yakakatika. Akaweka kiganja chake chote juu yake, kama siku ile uwanjani.

"Hiki changu," akasema.

Wifi aliangalia mkono wa mzee. Akaangalia kile kipande cha mbao chenye udongo mkavu uliobaki kwenye nyufa. Kisha akageuka, lakini hakumtazama mzee. Alimtazama Msasa, na uso wake haukuwa na msamaha hata chembe.

"Ulijua," akasema. "Muda wote huu ulijua. Ukaniacha nikulaani."

Mtoto alianza kulia, wifi akamshusha mgongoni, akakaa naye chini. Mzee hakuondoa kiganja kwenye mfuniko. Koki ilikuwa wazi, na maji yaliyojaa ndani hayakutoka.